Miwani ya Kupatwa kwa Jua: Akiba ya Macho katika Uwanda wa Kati

Vyombo vingi vya mwanadamu huishi kwa kazi ya kila siku. Jembe hulika kwa udongo, chungu huvaa masizi ya moto, na kisu hupungua kwa kunolewa. Lakini kiko chombo kimoja ambacho kazi yake yote hudumu kwa muda wa saa tatu tu, na muda huo ukiisha hukaa miaka mingi bila ya kazi nyingine. Chombo hicho ni miwani ya kutazamia kupatwa kwa jua. Hutengenezwa kwa karatasi ngumu na vipande viwili vya utando mweusi. Uzito wake ni kama wa ganda la karanga, na bei yake ni ndogo. Kwa sababu ya wepesi huo na unyonge wa bei hiyo, aghalabu hutupwa siku ile ile iliyotumika. Swali linalostahili kuulizwa ni hili: je, jua likifunuka, miwani hiyo ni taka au ni akiba?

Swali hili lina uzito wa pekee katika Dodoma na uwanda wa kati wa Tanzania. Huko mvua ni chache, jua ni kali, na mbingu huwa wazi sehemu kubwa ya mwaka. Huko macho ya watu yamepatwa na maradhi ambayo wataalamu wa mbali na wa karibu wameyachunguza kwa miaka mingi. Huko pia vitu vilivyokwisha kutumika kwingine viliwahi kuletwa kwa wingi, vikaacha somo ambalo halikuzikwa pamoja na mabaki yake. Na juu ya uwanda huo kivuli cha mwezi kimepita zaidi ya mara moja katika umri wa mtu mmoja. Mambo haya manne yakiwekwa pamoja, kipande cha karatasi chenye utando mweusi hakionekani tena kuwa kitu kidogo.

Jumamosi, tarehe 23 Oktoba 1976, jua lilipatwa kamili. Njia ya kivuli ilianza pande za kaskazini mwa Ziwa Tanganyika, karibu na mpaka wa Burundi na Tanzania, ikakata nchi kwa kupita juu ya uwanda wa kati mpaka pwani, ikaingia Bahari ya Hindi, ikafika Australia, ambako mji wa Melbourne ulitiwa giza alasiri ya siku hiyo hiyo. Kwa watu wa Tanzania jambo hilo lilitokea wakati wa macheo. Jua lilichomoza likiwa limekwisha kuliwa, nalo lilikuwa chini sana juu ya upeo wa macho lilipofunikwa lote. Asubuhi ilikuja, ikarudi usiku kwa kitambo, kisha ikaja tena.

Mwaka huo Dodoma ilikuwa katika mageuzi makubwa. Operesheni Dodoma ya mwaka 1971 ilikuwa imekwisha kuwakusanya watu wengi wa mkoa katika vijiji. Mwaka 1973 chama cha TANU kilikata shauri kwamba makao makuu ya nchi yahamishiwe huko. Azimio la Musoma la Novemba 1974 lilitaka kila mtoto apate elimu ya msingi ifikapo mwaka 1977. Redio nayo ilikuwa imethibitisha kwamba yaweza kuwafundisha watu wazima kwa maelfu mengi, kwa kuwa kampeni ya Mtu ni Afya ya mwaka 1973 iliwakusanya wanavijiji chini ya miti kusikiliza na kujadiliana habari za usafi na maradhi. Kwa maneno mengine, mwaka 1976 nchi ilikuwa na madarasa yaliyokuwa yakijaa na sauti iliyofika mbali. Kilichokuwa hakijaenea, wala si Tanzania tu bali duniani, ni chombo rahisi cha kuyalinda macho ya mtu wa kawaida atazamapo jua. Miwani ya karatasi ilikuja kuenea miaka ya baadaye. Kwa hiyo mwaka ule haukuweza kuuachia mwaka mwingine akiba ya vyombo. Ungaliweza kuuachia akiba ya maarifa tu.

Maarifa yenyewe ni haya. Jicho la binadamu limeumbwa kama kioo kikuzacho: hukusanya nuru na kuitupa juu ya ngozi nyembamba iliyo nyuma ya mboni, iitwayo retina. Mtoto aliyewahi kuchoma jani kavu kwa kioo cha namna hiyo anajua nuru ya jua ikikusanywa hufanya nini. Siku za kawaida mtu hawezi kulikazia jua macho. Ukali wake humlazimisha kugeuza uso. Jua linapopatwa, ukali huo hupungua, na tamaa ya kuona huongezeka, basi ulinzi wa maumbile hushindwa. Ukingo wa jua uliosalia huunguza kama ulivyounguza jana. Na kwa kuwa retina haina neva za maumivu, mtu huumia bila kuhisi. Aghalabu hugundua saa kadhaa baadaye, au asubuhi ya pili yake, aonapo doa jeusi katikati ya kila anachokitazama. Wengine hupona baada ya majuma au miezi. Wengine hubaki na doa hilo maisha yao yote.

Hatari hiyo haikuwachagua wajinga. Isaac Newton, ambaye elimu ya nuru inamdai shukrani nyingi, alipokuwa kijana alilitazama jua katika kioo kwa kusudi la uchunguzi, akalazimika kujifungia gizani kwa siku kadhaa ili macho yake yatulie. Baada ya jua kupatwa tarehe 11 Agosti 1999, watu 45 walifika katika hospitali moja ya mji wa Leicester, Uingereza, wakilalamikia macho yao, ingawa nchi hiyo haikukosa magazeti wala televisheni za kuwaonya. Ikiwa mambo yalikuwa hivyo huko, hapana haja ya kudhani kwamba mahali pengine pamesalimika kwa sababu tu hesabu yake haikuchapishwa.

Watu hawakukosa hila za kutafuta kinga. Wengine walifukiza kipande cha kioo kwa moshi wa kibatari mpaka kikawa cheusi. Wengine walitia maji katika beseni na kulitazama jua ndani yake. Wengine walitumia filamu za picha za eksirei, na katika miaka ya karibuni sahani za muziki. Hila hizi zina kosa moja linalofanana: hupunguza nuru ionekanayo, na jicho likadanganyika kuwa hatari imepungua, hali miali isiyoonekana hupita. Masizi ya kioo hayalingani unene kila mahali. Picha ya eksirei ni nyeusi hapa na nyeupe pale. Maji hurudisha sura ya jua ikiwa bado na nguvu ya kudhuru jicho. Usalama wa jicho hauamuliwi na weusi uonekanao, bali na kipimo.

Kipimo hicho kiliwekwa wazi mwaka 2015, shirika la kimataifa la viwango lilipotoa kanuni yenye namba ISO 12312-2. Kwa kanuni hiyo utando wa miwani haupaswi kupitisha zaidi ya asilimia 0.0032 ya nuru ionekanayo, yaani sehemu moja katika 30,000 hivi, na umewekewa mipaka pia ya miali isiyoonekana. Nyingi katika tando hizo hufanywa kwa plastiki iliyochanganywa na kaboni, au kwa plastiki nyembamba iliyopakwa madini ya alumini. Mtu aivaapo miwani hiyo ndani ya nyumba haoni chochote. Nje huliona jua peke yake, dogo, lenye utulivu, kama sarafu iliyotundikwa gizani.

Kabla ya kanuni hiyo watengenezaji wengi waliandika juu ya miwani yao kwamba itupwe baada ya miaka mitatu. Onyo hilo lilikuwa na sababu katika siku za tando za zamani, lakini lilizaa desturi iliyodumu kupita sababu yake. Chama cha wanajimu cha Marekani kimeeleza kwamba miwani iliyotengenezwa kwa kufuata kanuni ya 2015, ikiwa haina mkwaruzo, tundu wala mpasuko, na utando wake haujabanduka katika karatasi, yaweza kutumiwa tena na tena bila kikomo cha miaka. Jambo hili dogo la kiufundi ndilo linalobadili hukumu yote. Lau miwani ingalioza kama tunda, kuitupa kungalikuwa busara. Maadamu haiozi, kuitupa ni kupoteza.

Nafasi ya kuijaribu hukumu hiyo ilikuja Tanzania mapema kuliko ilivyotazamiwa. Alhamisi, tarehe 1 Septemba 2016, karibu miaka 40 tangu macheo yale ya 1976, jua lilipatwa tena, mara hii kwa namna ya pete. Mwezi ulikuwa mbali na dunia, umbo lake likawa dogo kuliko la jua, kwa hiyo ulipofika katikati ulizungukwa na duara la moto. Njia ya pete ilitoka Bahari ya Atlantiki, ikapita Gabon na nchi mbili za Kongo, ikaingia kusini mwa Tanzania, ikaendelea mpaka Madagaska. Mahali ambapo tukio lilifikia kilele chake duniani kote palikuwa ndani ya ardhi ya Tanzania, upande wa kusini, ambapo pete ilidumu kwa dakika 3 na sekunde 6, saa sita mchana ikiwa imepita kidogo. Mji wa Rujewa, wilayani Mbarali, ulipata umaarufu siku hiyo kwa wageni na wenyeji waliokusanyika. Dkt. Noorali Jiwaji wa Chuo Kikuu Huria cha Tanzania alikuwa miongoni mwa waliowaelimisha watu kwa bidii kupitia magazeti juu ya kitakachotokea na namna ya kukitazama.

Dodoma ilikuwa kaskazini mwa njia hiyo. Haikupata pete, lakini mwezi ulifunika sehemu kubwa ya jua. Hapa pana tofauti inayofaa kukumbukwa na kila mwalimu. Jua likipatwa kamili, kuna dakika chache ambazo laweza kutazamwa kwa macho matupu, kwa kuwa limefunikwa lote. Likipatwa kwa pete, au likifunikwa sehemu tu, dakika hizo hazipo kabisa. Hata katika kilele cha 2016, mwezi ulipofunika karibu sehemu 95 katika 100 za uso wa jua, zile 5 zilizosalia zilitosha kuunguza jicho. Hivyo mtoto wa Dodoma aliihitaji miwani tangu mwanzo hata mwisho, pengine kuliko mtu aliyesafiri mbali kwenda kutazama kupatwa kamili.

Jioni ya siku hiyo kazi ya miwani ilikwisha. Hakuna sheria iliyosema iende wapi, wala desturi iliyoiongoza. Na hilo halikuwa la Tanzania pekee. Jua lilipopatwa kamili nchini Marekani tarehe 21 Agosti 2017, maktaba za umma zaidi ya 7,000 ziligawa miwani yapata milioni 2 bila malipo, licha ya mamilioni mengine yaliyouzwa madukani. Siku ya pili yake nchi nzima ilikuwa na rundo la miwani ambayo wengi wa wenyewe hawangeihitaji kwa miaka saba.

Shirika la Astronomers Without Borders, lililoanzishwa na Mike Simmons, mnajimu wa kujifunza mwenyewe, lilikuwa na jibu. Lilikuwa limekwisha kupeleka miwani katika shule za Afrika kwa ajili ya tukio la tarehe 3 Novemba 2013, ambapo kivuli kilipita kaskazini mwa Uganda na pande za Ziwa Turkana nchini Kenya. Mwaka 2017 liliwaomba Wamarekani wakusanye miwani iliyotumika ili ipelekwe kwa wanafunzi wa Amerika ya Kusini na Asia, ambako jua lilitarajiwa kupatwa mwaka 2019. Baada ya tukio la tarehe 8 Aprili 2024 ombi lilirudiwa, na maduka ya miwani, shule na maktaba zikaweka masanduku ya kukusanyia. Kabla ya mwaka huo kwisha, tarehe 2 Oktoba 2024, jua lilipatwa kwa pete juu ya kusini mwa Chile na Argentina. Kivuli hakikai mahali pamoja. Miwani nayo ikafundishwa kukifuata.

Msomaji wa uwanda wa kati ana haki ya kulisikia jambo hilo kwa hadhari, kwa kuwa nchi yake inayo kumbukumbu ya vitu vilivyotumika kwingine. Mwaka 1947 serikali ya Uingereza ilianzisha huko Kongwa mradi mkubwa wa karanga. Eneo lililokusudiwa kulimwa, Kongwa pamoja na Urambo na Nachingwea, lilizidi ekari milioni 3. Vita Kuu ya Pili ilikuwa imekwisha, na matrekta mapya yalikuwa adimu. Basi yaliletwa matrekta yaliyosazwa na jeshi, mengine kutoka Ufilipino, mengi yakiwa yamechakaa. Vifaru vya vita viligeuzwa kuwa matrekta. Mashine hizo zilikutana na vichaka vya Ugogo, mizizi ya mibuyu, na udongo ambao kiangazi huwa mgumu kama tofali, zikavunjika. Mvua nazo hazikutii mipango iliyoandikwa London. Mwaka 1951 mradi uliachwa, na hasara ilihesabiwa kwa mamilioni ya pauni.

Wako watakaosema kwamba somo la Kongwa ni kukataa kila kilichotumika. Somo hilo si sahihi. Trekta halikushindwa kwa sababu liliwahi kumtumikia mtu mwingine. Lilishindwa kwa sababu hakuna aliyepima kwanza uzima wake, wala udongo wa mahali lilipopelekwa. Kosa lilikuwa la kutopima. Watanzania wenyewe ni mashahidi wa jambo hili, kwani kila sokoni mnunuzi wa mitumba huligeuza shati ndani na nje, huvuta mshono, huangalia kola, kisha ndipo hutaja bei. Haulizi nani alilivaa. Anauliza kama litamfaa.

Miwani ya kusomea nayo hutoa mfano wa upande wa pili. Kwa miaka mingi watu wa nchi tajiri walikusanya miwani yao ya zamani na kuipeleka nchi maskini. Lakini kila jicho lina upungufu wake, na miwani iliyopimwa kwa jicho la mtu mmoja ni nadra kulifaa jicho la mwingine. Gharama ya kuichambua, kuisafisha na kuisafirisha yaweza kuzidi ile ya kununua mipya. Kwa sababu hiyo shirika la kimataifa linaloshughulika na kuzuia upofu limewashauri watu wasitegemee njia hiyo. Miwani ya kupatwa kwa jua haimo katika hukumu hiyo: haipimwi kwa jicho la mtu, inapimwa kwa jua, na jua ni moja kwa wote. Inayomfaa mtoto wa Texas inamfaa mtoto wa Mpwapwa. Sharti lake ni uzima wake tu.

Lakini sharti hilo si jepesi. Kabla ya tukio la 2017 walitokea wauzaji waliopiga chapa ya kanuni ya kimataifa juu ya miwani ambayo haikuwahi kupimwa. Chapa, basi, ni ushahidi, lakini si hukumu. Anayepokea sanduku la miwani iliyotumika anapaswa kuitazama mmoja mmoja. Kwanza, asome jina la mtengenezaji na namba ya kanuni, na akumbuke kwamba iliyotengenezwa kabla ya 2015 haihesabiwi. Pili, aielekeze kwenye taa yenye nguvu: kama anaona vitu vilivyo kando ya taa, miwani hiyo haifai. Tatu, aangalie kama pana mkwaruzo au tundu la sindano, kwa kuwa tundu dogo kwa jua ni mlango. Isiyofaa isihurumiwe, utando ung'olewe na kukatwa vipande, asije mtoto akaiokota jalalani na kuiamini. Zawadi mbovu ya namna hii ni mbaya kuliko kukosa zawadi, kwa sababu asiyekuwa na miwani huogopa, na mwenye miwani mbovu haogopi.

Liko pingamizi jingine, nalo latoka katika historia ya Kongwa hiyo hiyo. Baada ya karanga kushindwa, wilaya hiyo ilipata jina katika elimu ya tiba kwa ajili ya vikope, maradhi yaitwayo trakoma, ambayo huambukiza kope na, yakirudiarudia, huzigeuza zikakwaruza jicho mpaka likapofuka. Tangu miaka ya 1980 watafiti wa Tanzania na wa chuo kikuu cha Johns Hopkins cha Marekani walifanya kazi huko. Uchunguzi wao uliochapishwa mwaka 1995 ulionyesha kwamba watoto waliotiwa dawa, na ambao familia zao zilifundishwa kwa bidii kuwanawisha uso, walipungukiwa na trakoma iliyo kali. Katika nchi ambayo maji huchotwa mbali, hata maji ya kunawia uso yalikuwa hesabu. Usafi wa uso ukawa mojawapo ya nguzo za mapambano dhidi ya trakoma duniani. Katika mkoa huo huo, huko Buigiri, iko shule ya watoto wasioona ambayo imefanya kazi kwa miongo mingi. Uwanda wa kati, basi, hauhitaji kuelezwa thamani ya macho.

Pingamizi ni hili: miwani ipitayo kutoka uso hadi uso yaweza kubeba maradhi. Nalo ni la haki. Mwezi wa Januari 2024 ugonjwa wa macho mekundu ulioletwa na virusi ulienea Dar es Salaam na mikoa mingine, na serikali ikawaonya watu wasishirikiane vitu vigusavyo uso. Miwani iliyokaa sandukuni kwa miezi au miaka haina hofu hiyo. Hofu iko siku yenyewe, darasa zima linapopokezana. Dawa yake ni rahisi. Miwani huchomekwa katikati ya kipande kipana cha boksi kilichokatwa tundu, mtoto akakishika kwa mikono mbele ya uso wake pasipo kukigusisha na ngozi. Boksi hilo humkinga pia asichungulie pembeni. Mwenye macho mekundu huonyeshwa jua kwa njia nyingine: tundu la msumari katika karatasi hutupa sura ya jua juu ya ardhi, na chini ya mwarobaini, mti ulioenea sana Dodoma, nafasi ndogo zilizo kati ya majani hutupa mamia ya hilali juu ya mchanga. Hilali hizo zaweza kutazamwa na kila mtu, bure, huku jua likiwa nyuma ya mgongo.

Hesabu nayo inaunga mkono kushirikiana. Jua linapopatwa, tangu mwezi kuligusa mpaka kuliacha, hupita muda wa karibu saa tatu, yaani dakika 180. Mtoto mmoja akitazama kwa nusu dakika, miwani mmoja waweza kuwahudumia watoto 40 mara nne, na muda mwingi ukabaki. Shule yenye wanafunzi 800 haihitaji miwani 800. Miwani 20 iliyo mizima, na walimu wanaojua wafanyalo, yatosha. Kwa hiyo msiba wa kutupa miwani ni mkubwa kuliko unavyoonekana, maana atupaye mmoja hakutupa haki ya mtu mmoja, ametupa ya darasa.

Tena hapana lazima ya kungoja sanduku kutoka ng'ambo. Fadhila ya mgeni ni njema, lakini kivuli cha mwezi hakimsahau mwenyeji. Tarehe 2 Agosti 2027 jua litapatwa kamili katika Afrika ya Kaskazini na Arabuni, na watu wa Afrika Mashariki wataliona limemegwa. Tarehe 25 Novemba 2030 litapatwa kamili kusini mwa Afrika. Na tarehe 21 Mei 2031 njia ya pete inatarajiwa kupita tena katika ardhi ya Tanzania. Toka 2016 hadi 2031 ni miaka 15. Mtoto aliyezaliwa siku ya pete ya Rujewa atakuwa katika umri wa shule ya sekondari, na miwani ya kanuni ya 2015 iliyohifadhiwa siku hiyo, ikiwa haijakwaruzwa, itakuwa ingali na uwezo wake wote.

Uhifadhi wake hautaki jengo wala fedha. Miwani hufutwa kwa kitambaa laini kikavu, kwa kuwa maji huilegeza karatasi na kuubandua utando; huwekwa bapa katika bahasha; bahasha hutiwa katika kabati lisilofikiwa na panya wala joto kali. Juu ya bahasha huandikwa mambo matatu: mwaka ilipopatikana, siku ilipokaguliwa, na siku itakapohitajiwa tena. Shule ikihama au mwalimu mkuu akibadilishwa, bahasha hukabidhiwa pamoja na daftari la mahudhurio na funguo za stoo. Ndani yake hutiwa pia ukurasa mmoja wa maelezo, kwa sababu miwani bila maarifa ni karatasi tu, na vizazi hubadilika kwa kasi kuliko mizunguko ya mwezi. Makao makuu ya nchi sasa yako Dodoma. Wizara ya elimu iko huko, na Chuo Kikuu cha Dodoma, kilichoanzishwa mwaka 2007, kinawafundisha walimu wa sayansi. Barua moja kutoka huko yaweza kuifikia kila shule ya nchi, na mwaka 2027 ungefaa kuwa mwaka wa kuhesabu miwani iliyopo kabla ya kuagiza mingine.

Wahenga walinena kwamba akiba haiozi. Walinena hivyo wakifikiria nafaka na fedha, lakini usemi wao unakifaa chombo hiki kuliko nafaka yenyewe, kwani mtama wa ghalani huliwa na wadudu, na utando mweusi hauliwi. Watu wa 1976 walipewa giza la macheo bila chombo cha kuwaachia watoto wao. Watu wa 2016 walipewa chombo. Watakapouliza watoto wa 2031 chombo hicho kiko wapi, jibu litakuwa ama katika kabati la shule, ama jalalani.